Hesabu ya Bahati na Damu ya Watoto Wetu



Leo nataka tuzungumze habari ya jambo ambalo watu wengi husema halina hesabu, nalo ni bahati. Wahenga wetu walisema, "Kupata si kwa werevu, na kukosa si ujinga." Maneno hayo ni ya kweli. Lakini wako wanaoyasikia wakadhani ya kuwa bahati ni kitu kisicho na taratibu yo yote, kwamba haifai kuifikiri, na kwamba aliyepatwa na jambo zito ama amerogwa, ama ameonewa, ama ameoa nyumba mbaya. Sivyo. Bahati ya jambo moja hatuwezi kuijua kabla halijatokea. Bali bahati ya mambo mengi ya namna moja ina taratibu yake, nayo yaweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi. Nitawaonyesha taratibu hiyo kwa vitu vitatu: kauri, sarafu, na watoto wanne wa nyumba moja. Naomba mnifuate polepole, hatua kwa hatua.

Kauri ya pwani

Twendeni kwanza Kiwengwa, upande wa mashariki wa kisiwa cha Unguja. Maji yanapotoka, bahari hurudi nyuma mpaka karibu na mwamba, na watu huteremka pwani: wengine kutafuta pweza, wengine kutazama mwani wao, na watoto kuokota kauri. Mtoto akishika kauri moja akaitupa juu ya mchanga, itaanguka kwa namna moja katika mbili: ama mdomo wake utatazama juu, ama utatazama chini. Tukimwuliza, "Safari hii itaangukaje?" atajibu, "Sijui." Jibu lake ni la haki, kwa maana hapana ajuaye.

Sasa tumwulize swali la pili: "Ukiitupa mara nyingi, mdomo utatazama juu mara ngapi?" Hapo asijibu kwa kukisia, bali aitupe na kuandika. Tuseme katika mara 10 za kwanza mdomo umetazama juu mara 6. Akiendelea mpaka mara 100, tuseme umetazama juu mara 41. Akiendelea mpaka mara 1000, tuseme umetazama juu mara 402. Mnaona jinsi hesabu inavyotulia? Mwanzo iliruka huku na huku, kisha ikaanza kukaa karibu na sehemu 2 katika 5. Sehemu hiyo ndiyo iitwayo uwezekano. Jambo lisiloweza kutokea kabisa, uwezekano wake ni 0. Jambo ambalo halina budi kutokea, uwezekano wake ni 1. Na mengine yote hukaa katikati ya 0 na 1.

Mtaalamu mmoja wa Uswisi, jina lake Jacob Bernoulli, ndiye aliyethibitisha kwa hesabu ya kwamba tukirudia jambo mara nyingi, sehemu tunayoiona huzidi kuikaribia sehemu ya kweli. Kitabu chake kilipigwa chapa mwaka 1713, naye alikuwa amekwisha kufa miaka 8.

Angalieni jambo moja la maana. Kauri ina namna mbili za kuanguka, lakini haifuati kwamba kila namna ni nusu. Umbo lake si sawa pande zote. Wako watu wasemao, "Ama litakuwa, ama halitakuwa, basi ni nusu kwa nusu." Hilo ni kosa. Kuwa na njia mbili si kuwa na njia mbili zilizo sawa.

Sarafu mbili

Sarafu, kinyume cha kauri, imefanywa sawa pande zote mbili; basi uwezekano wa kichwa ni nusu, na wa upande wa nyuma ni nusu. Lakini tukitupa sarafu mbili pamoja, mambo huwaje?

Mwanafunzi mwenye haraka atasema yako matokeo matatu: vichwa viwili, kichwa kimoja, au hapana kichwa, kwa hiyo kila moja ni theluthi. Mwambieni atulie. Sarafu moja tuiite ya baba, na ya pili tuiite ya mama. Yaweza kuwa kichwa kwa baba na kichwa kwa mama. Au kichwa kwa baba na nyuma kwa mama. Au nyuma kwa baba na kichwa kwa mama. Au nyuma kwa wote wawili. Njia ni nne, na zote ni sawa. Kichwa kimoja kina njia mbili za kupatikana, bali vichwa viwili vina njia moja tu. Basi vichwa viwili ni robo, kichwa kimoja ni nusu, na pasipo kichwa ni robo. Ukijumlisha robo na nusu na robo wapata nzima, kama ipasavyo, kwa kuwa halina budi moja la hayo litokee.

Sikuziita sarafu hizo ya baba na ya mama kwa mchezo. Sasa tufike kwenye jambo lenyewe.

Selimundu

Uko ugonjwa wa damu uitwao selimundu, ambao wengi hupenda kuuita siko seli. Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima wa afya ni za mviringo, nazo hupita kwa ulaini katika mishipa iliyo myembamba sana. Chembe za mgonjwa wa selimundu hujikunja zikafanana na mundu wa kukatia majani. Hukwama katika mishipa, na tena hazidumu. Ndipo mtoto hushikwa na maumivu makali ya mifupa, mikono na miguu huvimba, damu humpungukia, na maradhi mengine humwingia kwa wepesi. Daktari James Herrick wa Chicago, katika Marekani, ndiye aliyeandika habari za chembe hizo mwaka 1910. Lakini maumivu yenyewe yalikuwapo Afrika tangu zamani kabla ya hapo. Tanzania ni miongoni mwa nchi za dunia zenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huu.

Selimundu haiambukizwi kwa kugusana wala kwa kula pamoja. Hurithiwa. Kila mtu anavyo vinasaba viwili vinavyouagiza mwili namna ya kuifanya damu nyekundu: kimoja alipewa na baba yake, kimoja na mama yake. Mwenye viwili vizima hana neno. Mwenye kimoja kizima na kimoja cha selimundu kwa kawaida haugui. Hulima, huvua, huoa na huzeeka, pengine asijue maisha yake yote kwamba anacho. Huyo twamwita mbebaji. Mwenye viwili vya selimundu ndiye mgonjwa. Mwaka 1949 daktari Beet, aliyefanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na mtaalamu James Neel wa Marekani, waliieleza njia hii ya urithi, kila mmoja kwa utafiti wake.

Fikirini sasa mume na mke, wote wawili wabebaji, wote wawili wenye afya njema. Kila mzazi humpa mtoto kimoja tu katika vinasaba vyake viwili, wala hachagui. Ni kama baba ametupa sarafu yake na mama ametupa ya kwake. Ikiwa zote mbili zimeangukia upande wa selimundu, mtoto ni mgonjwa: uwezekano wake ni robo. Ikiwa moja tu imeangukia upande huo, mtoto ni mbebaji kama wazazi wake: uwezekano ni nusu. Ikiwa hapana hata moja, mtoto hana kinasaba hicho kabisa: uwezekano ni robo.

Nyumba 256

Hapo watu wengi hukosea. Husikia neno "robo," nao wakiwa na watoto wanne husema, "Basi mmoja ataugua, na watatu watapona." Mambo si hivyo. Tuhesabu.

Tuseme ziko nyumba 256, kila moja ina mume na mke wabebaji, na kila moja imejaliwa watoto wanne. Mtoto wa kwanza akizaliwa, twatazamia robo ya nyumba, yaani 64, kupata mgonjwa, na 192 kupata mzima. Katika nyumba hizo 192, mtoto wa pili atakuwa mzima katika 144. Katika hizo 144, wa tatu atakuwa mzima katika 108. Katika hizo 108, wa nne atakuwa mzima katika 81. Basi nyumba 81 hazitakuwa na mgonjwa hata mmoja, ingawa wazazi ni wabebaji vile vile kama wenzao.

Nyumba zenye mgonjwa mmoja ni ngapi? Zianze zile 64 ambazo mtoto wa kwanza ni mgonjwa. Wa pili atakuwa mzima katika 48, wa tatu katika 36, wa nne katika 27. Hizo 27 ni nyumba ambazo mgonjwa ni kifungua mimba peke yake. Lakini mgonjwa huyo mmoja angaliweza pia kuwa wa pili, au wa tatu, au wa nne. Kwa hiyo 27 huzidishwa kwa 4, tukapata 108.

Wagonjwa wawili huweza kuwa wa kwanza na wa pili, au wa kwanza na wa tatu, au wa kwanza na wa nne, au wa pili na wa tatu, au wa pili na wa nne, au wa tatu na wa nne: njia sita, na kila njia ina nyumba 9. Wagonjwa watatu wana njia nne, na kila njia ina nyumba 3. Wagonjwa wote wanne wana njia moja, na nyumba moja. Tuyapange yote:

Nyumba zisizo na mgonjwa: 81
Nyumba zenye mgonjwa mmoja: 108
Nyumba zenye wagonjwa wawili: 54
Nyumba zenye wagonjwa watatu: 12
Nyumba yenye wagonjwa wanne: 1
Jumla: 256

Orodha hii ndiyo wataalamu waiitayo mgawanyo wa uwezekano. Huonyesha kila jambo linaloweza kutokea na sehemu yake, na sehemu zote zikijumlishwa hufanya nzima. Mgawanyo huu ni wa hesabu ya kuruka: kuna mgonjwa mmoja au wawili, wala hakuna mgonjwa mmoja na nusu. Haufanani na kupima urefu wa kamba au kina cha maji, ambavyo huweza kuwa na kipande cho chote katikati. Hesabu za njia, yaani 1, 4, 6, 4, 1, ni za kale sana. Al-Karaji, mwanahesabu aliyeishi Baghdad yapata miaka 1000 iliyopita, alizijua. Na mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat, Wafaransa wawili, waliandikiana barua juu ya mambo ya bahati, ambazo kwazo elimu hii ilipata msingi.

Naongeza onyo. Mkizipata kweli nyumba 256 za namna hiyo, hamtakuta 81 kamili na 108 kamili. Mtakuta hesabu za karibu, kama yule mtoto wa kauri. Mgawanyo ni dira; si nanga.

Mafunzo matatu

Fundisho la kwanza ni habari ya wastani. Nyumba zetu 256 zina watoto 1024, na wagonjwa ni 256: kwa wastani mgonjwa mmoja kwa kila nyumba. Walakini nyumba zenye mgonjwa mmoja kamili ni 108 tu, nazo hazifiki nusu. Basi wastani ni habari ya kijiji, si ahadi kwa nyumba yako.

Fundisho la pili ni la maana kupita yote: bahati haina kumbukumbu. Mume na mke waliozaa watoto watatu wazima hunong'onezana kwa hofu, "Huyu wa nne sasa lazima awe mgonjwa." Tuitazame hesabu yetu. Nyumba zilizokuwa na watoto watatu wazima zilikuwa 108. Wa nne amekuwa mzima katika 81, na mgonjwa katika 27. Nayo 27 katika 108 ni robo. Na waliozaa wagonjwa watatu mfululizo, wakasema, "Zamu yetu imekwisha," je? Nyumba hizo zilikuwa 4. Na katika moja ya hizo wa nne pia ni mgonjwa. Ni robo vile vile. Sarafu haijui ilivyoanguka jana. Kila mimba ni mtupo mpya.

Lakini kanuni hii yataka kila mtupo usimame peke yake. Pacha waliotokana na yai moja wamerithi mamoja: akiugua mmoja, wa pili pia anao ugonjwa. Hao huhesabiwa kuwa mtupo mmoja, si miwili. Yeyote afanyaye hesabu ya bahati na ajiulize kwanza: je, mambo haya yanasimama mbalimbali, au moja limefungwa na jingine?

Fundisho la tatu lahusu lawama. Mtoto akiugua, mara nyingi kidole huelekezwa kwa mama. Husemwa, "Kwetu hapana ugonjwa huu, ameuleta yeye." Mwingine huenda kwa mpiga ramli kuuliza ni nani aliyemtenda. Nyumba huvunjika, jirani hugombana, na muda wa kumtibu mtoto hupotea. Tazameni hesabu: mtoto mwenye vinasaba viwili vya selimundu hakupewa vyote na mmoja. Sarafu mbili ziliangukia upande mmoja, ya baba na ya mama. Hapana aliyekosa, wala hapana aliyechagua. Na nyumba ya jirani isiyo na mgonjwa yaweza kuwa ni moja katika zile 81, yenye kubeba vile vile.

Kwa nini pwani?

Mwaka 1949 kijana mmoja aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchi hiyo akichukua damu za watu. Aliona ya kuwa katika makabila ya karibu na pwani na karibu na Ziwa Viktoria wabebaji walipita watu 20 katika kila 100, na katika makabila ya nchi za juu zenye baridi hawakufika hata mmoja katika 100. Akatambua kwamba mahali penye wabebaji wengi ndipo penye malaria nyingi. Mwaka 1954 alitangaza utafiti wake: mtoto mbebaji huvumilia malaria kuliko mtoto asiye na kinasaba hicho. Kwa karne nyingi malaria iliwaua watoto wengi wasiobeba, na wabebaji wakasalia kuzaa. Basi kinasaba kilichokuwa ngao kwa mmoja kimekuwa ugonjwa kwa mwingine aliyepata viwili. Malaria katika Unguja na Pemba imepungua sana tangu mwanzo wa karne hii ya 21. Lakini vinasaba havitoki kwa upesi kama mbu.

Tufanye hesabu moja ya mwisho. Tuseme mahali fulani mtu mmoja katika kila 5 ni mbebaji, na watu huoana pasipo kutazama damu. Uwezekano wa mume na mke wote kuwa wabebaji ni moja ya tano ya moja ya tano, yaani 1 katika 25. Na uwezekano wa mtoto wao kuwa mgonjwa ni robo. Basi tukitazama watoto wote wanaozaliwa mahali hapo, 1 katika 100 atakuwa mgonjwa. Wanaooana wakiwa watoto wa ndugu, hesabu hubadilika, kwa maana sarafu zao si ngeni kwa kila mmoja: kama babu yao alikuwa mbebaji, yawezekana wote wawili wamerithi kitu kimoja.

Haya, twafanyeje? Jambo lililo fumbo kwa jicho si fumbo kwa kipimo. Damu kidogo tu, ikipimwa hospitali, huonyesha aliye mbebaji na asiye mbebaji. Mbebaji akioana na asiyebeba, watoto wao hawatakuwa na ugonjwa wa selimundu, ingawa nusu yao kwa kutazamia watakuwa wabebaji. Wanaotaka kuoana na wajue mapema, wapate kuamua kwa macho yaliyofumbuka. Uamuzi ni wao. Na waliokwisha kuoana wakajikuta wote ni wabebaji, wasiachane kwa hofu wala kwa lawama, bali kila mtoto azaliwaye apimwe mapema. Mgonjwa ajulikanaye tangu uchanga hupewa dawa za kumkinga na maradhi, na iko dawa iitwayo haidroksiyurea ipunguzayo maumivu. Wengi husoma, hufanya kazi na kulea watoto wao wenyewe.

Wanafunzi, nawaachia kazi. Chukueni sarafu mbili, za baba na za mama, mzitupe pamoja mara 4, muandike ni mara ngapi zote zimeonyesha vichwa. Hiyo ni nyumba moja. Fanyeni nyumba 50, kila mmoja na zake, kisha mziunganishe darasani na kuzilinganisha na orodha yetu. Mtaona kwa macho yenu taratibu ikijitokeza katika mambo ambayo kila moja peke yake halikuwa na taratibu.

Nanyi wazazi, mkumbuke: hesabu hii si ramli. Haimwambii mtu litakalompata kesho. Humwambia ukubwa wa jambo analolikabili, ili asiogope pasipo sababu, asijitumainie pasipo sababu, wala asimlaumu mwenziwe kwa mtupo ambao hakuna mkono uliouelekeza.

Hapo ndipo nikomeapo leo. Kwa herini.